Mkazo katika visima vya kwanta na mwanga wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeanza kusoma leza za semikonda huambiwa mapema kwamba mkazo hubadilisha rangi ya mwanga. Ni kweli, ila rangi ndiyo sehemu rahisi ya habari hii. Kazi kubwa ya mkazo hufanyika kwenye matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, na huko ndiko maswali mengi hapa chini yanakoelekea. Majibu hayalingani urefu. Penye utata nimekaa, pasipo na utata nimepita.

Kisima cha kwanta ni kitu gani?

Ni tabaka jembamba la semikonda lililowekwa katikati ya matabaka mawili ya semikonda nyingine yenye pengo kubwa zaidi la nishati, yaani nishati ambayo elektroni huihitaji ili itoke mahali ilipofungwa na kuwa huru kutembea. Unene wake ni wa nanomita chache, mara nyingi kati ya 3 na 15. Elektroni iliyotumbukia humo iko huru kutembea kwenye bapa la tabaka, lakini juu na chini imezibiwa. Kwa kuwa elektroni ina tabia ya wimbi, kuzibiwa huko kunaifanya iwe na nishati ya ngazi ngazi, na haiwezi kusimama katikati ya ngazi mbili. Kisima kikipungua unene, ngazi ya kwanza hupanda na mwanga unaotoka husogea kuelekea upande wa bluu.

Leo Esaki na Raphael Tsu walitoa wazo la kupanga matabaka ya aina hii mwaka 1970. Mwaka 1974 Raymond Dingle na wenzake wa Bell Labs, maabara ya Marekani, wakazionyesha ngazi zenyewe kwa kupima jinsi kisima cha GaAs (galiamu na aseniki) kilichozungukwa na AlGaAs (GaAs yenye aluminiamu) kinavyofyonza mwanga. Fuwele za GaAs na AlAs zinakaribiana sana kwa vipimo, tofauti yake ni kama asilimia 0.14 tu, kwa hiyo katika kazi hizo za mwanzo mkazo haukuwa na la kusema. Siku hizi tunautafuta kwa makusudi.

Mkazo unatoka wapi, wakati hakuna mtu anayeibana sampuli?

Unatoka kwenye kutolingana kwa vipimo. Kila fuwele ina hatua yake, yaani umbali ambao mpangilio wa atomi hujirudia. Hatua ya GaAs ni nanomita 0.5653, ya InP (indiamu na fosforasi) ni 0.5869, na ya InAs (indiamu na aseniki) ni 0.6058. Ukiotesha InGaAs (GaAs ambayo sehemu ya galiamu imebadilishwa na indiamu) juu ya GaAs, atomi mpya hukaa pale ambapo atomi za chini zimeshatenga nafasi. Fuwele ya msingi ina unene unaozidi ule wa kisima mara makumi elfu, kwa hiyo yenyewe haitikisiki. Anayejirekebisha ni mgeni.

Fikiria godoro la sponji lililo pana kidogo kuliko kitanda chenye mbao za pembeni. Ukilisukuma liingie, linabanwa pande zote nne, kisha linafura kwenda juu. Kisima cha InGaAs kinafanya vivyo hivyo: kila kikibanwa asilimia 1 kwenye bapa, kinarefuka kama asilimia 0.9 kwa wima. Huu tunauita mkazo wa kubana, na kwenye hesabu hupewa alama ya kutoa. Mgeni akiwa na hatua fupi kuliko mwenyeji, mambo yanageuka: anavutwa kwenye bapa na kusinyaa kwa wima. Huo ni mkazo wa kuvuta.

Neno moja la tahadhari kuhusu istilahi. Katika ukurasa huu mkazo ni kiasi ambacho umbo limebadilika, ni namba isiyo na kipimo. Nguvu iliyo nyuma yake naiita kanieneo. Vitabu vingine huyachanganya haya mawili, na mwanafunzi akaja kulinganisha asilimia na gigapaskali.

Ni nguvu kiasi gani hiyo?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua kisima chenye indiamu asilimia 20 juu ya GaAs, ambacho ndicho mfano nitakaoutumia kote. Hatua yake ya asili ingekuwa nanomita 0.5734, lakini imelazimishwa kuwa 0.5653. Huo ni mkazo wa asilimia 1.4. Ukizidisha na ugumu wa fuwele yenyewe unapata kanieneo ya gigapaskali 1.6 hivi, zaidi ya mara elfu kumi na tano ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Nayo inakaa ndani ya kipande unachokishika kwa koleo, bila mashine yoyote ya kukandamiza, miaka nenda miaka rudi.

Hatimaye pengo la nishati linabadilikaje?

Tenganisha mambo mawili ambayo mkazo unayafanya kwa wakati mmoja. Unabadilisha ujazo wa fuwele, na unabadilisha umbo lake.

Mabadiliko ya ujazo huathiri pengo lote kwa jumla. Atomi zikisogezwa karibu, pengo la semikonda kama GaAs hupanuka. Zikisogezwa mbali, hupungua. Sehemu kubwa ya badiliko hili huangukia bendi ya upitishaji (nishati za elektroni zilizo huru, juu ya pengo), na bendi ya valensi (nishati za elektroni zilizofungwa, chini ya pengo) huguswa kidogo tu.

Mabadiliko ya umbo ndiyo yenye maajabu. Fuwele iliyokuwa mche mraba kamili sasa ni kama kisanduku kirefu au kifupi, na elektroni zilizo juu ya bendi ya valensi zinaitambua tofauti hiyo mara moja. Bendi mbili zilizokuwa zimekutana pale juu zinaachana, moja inapanda na nyingine inashuka kwa kiasi karibu sawa.

Tuweke namba kwenye mfano wetu. InGaAs yenye indiamu asilimia 20 ikiwa imelegea ina pengo la elektronivolti 1.13 hivi (elektronivolti ni kipimo cha nishati) katika joto la chumba. Kubanwa kwa ujazo kunaongeza kama 0.12. Badiliko la umbo linapandisha moja ya bendi hizo mbili, ya matundu mazito (majina haya yanaelezwa chini), kwa 0.05 na kushusha ile ya matundu mepesi kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo umbali kutoka bendi ya upitishaji hadi matundu mazito unakuwa kama 1.20, na hadi matundu mepesi kama 1.30. Ongeza ngazi za kisima chenye unene wa nanomita 7 au 8, ambazo huleta 0.06 au 0.07 zaidi, unafika karibu 1.265. Gawa 1240, namba inayogeuza elektronivolti kuwa nanomita za urefu wa wimbi, kwa namba hiyo, unapata nanomita 980. Si namba ya kubahatisha: leza za nanomita 980 ndizo zinazosukuma nishati kwenye vikuza mwanga vya nyuzi zenye erbiamu, vile vinavyobeba mawasiliano ya masafa marefu.

Nimerahisisha kidogo, kwa sababu kuna bendi ya tatu chini yake ambayo huisukuma ile ya matundu mepesi. Kwa mkazo wa asilimia moja na ushee kosa hilo linavumilika.

Niliambiwa kubana hupanua pengo, lakini nikiongeza indiamu mwanga unakuwa mwekundu zaidi. Nani kanidanganya?

Hakuna aliyekudanganya. Unapoongeza indiamu unafanya mambo mawili yanayopingana. Kemia inapunguza pengo, kwa sababu InAs ina pengo la 0.35 tu wakati GaAs ina 1.42. Mkazo wa kubana unarudisha sehemu ya kilichopungua. Kemia ndiyo inayoshinda, mkazo unaipunguza kasi. Anayesahau mkazo kwenye mfano wetu atatabiri mwanga wenye urefu wa wimbi uliozidi kwa makumi ya nanomita, halafu atailaumu mashine ya kuoteshea.

Matundu mazito na mepesi ni nini, na kwa nini kila mtu anayataja?

Hapa ndipo penye nyama.

Elektroni za juu kabisa ya bendi ya valensi zina umbo la obiti za aina ya p, na zinapochanganyika na spini yake hutoa hali nne zilizo sawa kwa nishati katikati kabisa ya bendi. Ukisogea kutoka hapo katikati, hali hizo hugawanyika jozi mbili: moja inapinda polepole, nyingine kwa kasi. Inayopinda polepole ina tungamo tendaji kubwa, ndiyo tunayoiita ya matundu mazito. Nyingine ni ya matundu mepesi. Tungamo tendaji si uzito wa kupimwa kwa mizani. Ni namna ya kusema jinsi chembe inavyokubali kuharakishwa ndani ya fuwele.

Sasa sikiliza mzunguko wake. Jina la uzito limepewa kwa kuangalia wima, uelekeo ambao tabaka linakua. Ukiangalia kwenye bapa, majina yanageuka. Katika GaAs, tundu zito lina tungamo la kama 0.35 ya elektroni huru likielekea wima, lakini kwenye bapa, bendi zikiwa zimetenganishwa vizuri, linakuwa karibu 0.11. Tundu jepesi lina 0.09 kwa wima, na kwenye bapa linapanda hadi kama 0.20. Yaani lililoitwa zito ndilo linalokimbia mbio kwenye bapa. Mara ya kwanza kuliona hili kwenye hesabu nilirudia mistari mitatu ya mwisho nikiamini nimekosea alama.

Sharti ni hilo la kutenganishwa vizuri. Bendi hizo zikikaribiana, zinachanganyikana na kusukumana, umbo lake linapindapinda, na wepesi wa kwenye bapa unapotea. Kuzibiwa ndani ya kisima peke yake huzitenganisha, lakini kwa kiasi kidogo, katika kisima cha kawaida cha GaAs ni takriban elektronivolti 0.01 au 0.02. Mkazo wa asilimia 1.4 huzitenganisha kwa 0.10 hivi. Nishati ya joto la chumba ni kama 0.026. Fanya ulinganisho mwenyewe: bila mkazo, joto linayarusha matundu kati ya bendi zote mbili bila shida. Penye mkazo, matundu karibu yote yanabaki kwenye bendi moja.

Hilo linaisaidiaje leza?

Ili leza iwake, lazima ujaze elektroni juu na matundu chini kiasi kwamba mwanga unaopita ukuzwe badala ya kufyonzwa. Katika semikonda ya kawaida pande hizi mbili hazilingani. Elektroni katika GaAs ina tungamo la 0.067, kwa hiyo nafasi zake za kukaa ni chache na zinajaa upesi. Bendi ya valensi ina tungamo kubwa, nafasi zake ni nyingi mno, na matundu unayoyapeleka yanatawanyika humo kama watu kumi kwenye uwanja wa mpira. Unalipa mkondo mwingi wa umeme kwa ajili ya matundu ambayo hayashiriki kazi.

Mkazo wa kubana unaufanya uwanja kuwa mdogo. Tungamo la kwenye bapa likishuka, nafasi za kukaa hupungua, na matundu machache yanatosha kuujaza ukingo wa bendi. Mwaka 1986 Alf Adams wa Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza alieleza kwamba visima vilivyokazwa vingepunguza mkondo wa kizingiti (mkondo mdogo kabisa unaoiwasha leza), na mwaka huo huo Eli Yablonovitch na Evan Kane wakafika kwenye hitimisho hilo wakiwa Marekani, bila kuongozana. Cha kufurahisha ni kwamba hadi wakati huo watu wengi waliuona mkazo kama ugonjwa wa kuepukwa.

Faida haziishii kwenye kizingiti. Kwa leza za mawasiliano za mikromita 1.3 na 1.55 kuna hasara inayoitwa ya Auger, ambapo elektroni na tundu vinakutana lakini badala ya kutoa fotoni (chembe ya mwanga) vinaikabidhi nishati chembe ya tatu. Hasara hiyo hukua kwa kasi kadiri chembe zinavyosongamana. Ukihitaji chembe chache kufikia kizingiti, hasara nayo hupungua, na kwa haraka kuliko mkondo wenyewe. Vilevile ukuzaji hujibu upesi zaidi kila chembe inapoongezwa, jambo linaloiwezesha leza kuwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa.

Mkazo una uhusiano gani na uelekeo wa mtetemo wa mwanga?

Uhusiano wa moja kwa moja. Mwanga unaosafiri ndani ya bapa la kisima unaweza kutetema ukiwa umelala kwenye bapa, unaoitwa TE, au ukiwa umesimama wima, unaoitwa TM. Tundu zito, ukingoni mwa bendi, linatoa TE peke yake. Kwa TM ni sifuri. Tundu jepesi linatoa zote mbili, lakini TM inaizidi TE mara nne. Na ukilinganisha TE kwa TE, tundu zito linalipita jepesi mara tatu.

Basi chagua mkazo, umechagua mtetemo. Ukibana, tundu zito linakuwa juu na leza inatoa TE. Ukivuta vya kutosha, tundu jepesi linapanda na leza inatoa TM. Leza za nanomita 808 zenye kisima cha GaAsP (GaAs yenye fosforasi) kilichovutwa juu ya GaAs ni mfano mzuri wa TM. Ukiwa na leza mkononi na kichujio cha mtetemo, unaweza kujua aina ya mkazo uliomo kabla hujasoma karatasi ya mtengenezaji.

Na mkazo wa kuvuta? Ni kinyume tu cha kubana?

Wengi wanafikiri hivyo, na hapa ndipo wanapoteleza. Kisima chenyewe kina upendeleo. Kuzibiwa hushusha ngazi ya tundu jepesi kuliko ya tundu zito, kwa sababu chembe nyepesi kwa wima husukumwa zaidi. Kwa hiyo kubana na kuzibiwa vinavuta kamba upande mmoja. Kuvuta kunapingana na kuzibiwa.

Matokeo yake ni kwamba mkazo mdogo wa kuvuta unazileta bendi mbili mahali pamoja, zinachanganyikana vibaya, na leza inakuwa mbovu kuliko isiyo na mkazo kabisa. Ukiendelea kuvuta, tundu jepesi linalipita zito, bendi zinaachana tena, na kizingiti kinashuka. Mchoro wa kizingiti dhidi ya mkazo una kilima katikati, na kilima hicho kimeegemea upande wa kuvuta. Anayejaribu kuvuta kidogo tu ili aone kama kuna faida ataona hasara na kukata tamaa mapema.

Kilima hicho hicho kina wateja wake, hata hivyo. Mwanga uliosafiri kwenye nyuzi hufika ukiwa na mtetemo usiotabirika, na kikuza mwanga kinachopendelea TE kingefanya mawimbi yapande na kushuka ovyo. Wanaotengeneza vikuza visivyobagua mtetemo hutafuta kwa makusudi mkazo wa kuvuta wa kiasi kile kinachosawazisha TE na TM.

Naweza kuongeza mkazo kadiri ninavyotaka?

Hapana. Kila tabaka jipya la atomi linaongeza nishati iliyojikunja ndani ya fuwele. Ikifika mahali fulani, inakuwa nafuu kwa fuwele kukata safu ya atomi na kulegea kuliko kuendelea kuvumilia. Safu hizo zilizokatika ni kasoro za mistari, dislokesheni, na kila moja ni mtaro ambamo elektroni na matundu hupotea bila kutoa mwanga. Frank na van der Merwe walilieleza wazo la msingi mwaka 1949. Matthews na Blakeslee wakatoa mwaka 1974 hesabu ya unene wa ukomo ambayo bado inatumika kila siku.

Kwa InGaAs yenye indiamu asilimia 20 juu ya GaAs ukomo huo ni wa nanomita 10 hadi 20, kutegemea hesabu unayoiamini na kama kisima kimefunikwa juu. Kanuni ya kidole gumba ni hii: mkazo ukiongezeka maradufu, unene unaoruhusiwa hupungua kwa zaidi ya nusu. InAs tupu juu ya GaAs, yenye tofauti ya asilimia 7, haifiki hata matabaka mawili ya atomi kabla ya kujikusanya kuwa vichuguu vidogo. Hivyo ndivyo nukta za kwanta zinavyooteshwa, ila hiyo ni habari nyingine.

Anayetaka visima vingi huweka mkazo wa kuvuta kwenye vizuizi, yaani matabaka yanayotenganisha visima, ili ufute ule wa kubana uliomo kwenye visima. InGaAs katikati ya GaAsP ni jozi inayotumika sana. Kisima kimoja kimoja bado kinabaki chini ya ukomo wake, lakini rundo zima kwa jumla halina deni.

Kwa nini taa za LED za bluu hazifuati masimulizi haya?

Kwa sababu fuwele yake ni ya aina nyingine. GaN (galiamu na naitrojeni) ina mpangilio wa pembesita, na ukiikaza inazalisha umeme ndani yake. Hatua ya GaN kwenye bapa ni nanomita 0.3189 na ya InN (indiamu na naitrojeni) ni kama 0.354, tofauti ya asilimia 11, kwa hiyo kisima cha InGaN chenye indiamu ya kutosha kutoa bluu au kijani kimebanwa sana. Mkazo huo huzaa uga wa umeme unaoweza kuzidi volti milioni moja kwa kila sentimita.

Uga huo unakiinamisha kisima. Elektroni zinateremkia ukuta mmoja, matundu yanateremkia ukuta wa pili, na mawimbi yake yanapishana kwa shida. Mwanga unafifia na rangi inasogea kuelekea nyekundu. Ndiyo maana visima hivi hufanywa vyembamba, nanomita 2 au 3, ili elektroni na tundu visipate nafasi ya kuachana. Ukiongeza mkondo, chembe zinazoingia zinaufunika uga, kisima kinanyooka, na rangi inarudi kuelekea bluu. Washa LED ya kijani kwa mkondo mdogo, kisha uongeze taratibu ukitazama spektra: kilele kinatembea mbele ya macho yako.

Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa LED za bluu, lakini tatizo la uga halikufutwa na tuzo. Njia mojawapo ni kuotesha fuwele kwenye uso wake wa ubavuni, ambako uga hauelekei tena kuvuka kisima. Fuwele za msingi za namna hiyo ni ghali na ndogo. Semikonda za mche mraba kama GaAs nazo huzaa uga wa aina hii zikioteshwa kwenye uso wa 111 (namba hizi hutaja uelekeo wa uso ndani ya fuwele). Kwenye uso wa kawaida wa 001 mkazo wa bapa hauzai kitu.

Silikoni na gerimani je?

Silikoni haisaidiki kwa njia hii, pengo lake si la moja kwa moja (elektroni haiwezi kulivuka na kutoa mwanga bila msaada wa mtikisiko wa fuwele) na liko mbali kuwa hivyo. Gerimani inakaribia: bonde lake la moja kwa moja, yaani sehemu ya chini ya bendi ya upitishaji inayotoa mwanga kirahisi, liko juu ya lile la chini kabisa kwa elektronivolti 0.14 tu. Kuivuta hushusha mabonde yote mawili, lakini lile la moja kwa moja hushuka haraka zaidi. Ukikadiria, mvuto wa asilimia 2 hivi kwenye bapa unatosha kuyafikisha sawa. Gerimani iliyooteshwa juu ya silikoni hupata yenyewe kama asilimia 0.2 inapopoa, kwa kuwa inasinyaa kuliko silikoni. Hiyo haitoshi kwa leza, lakini husogeza ukingo wa ufyonzaji na kuwasaidia watengenezaji wa vipokea mwanga vya mikromita 1.55.

Nitajuaje kama kisima changu bado kimekazwa au kimelegea?

Anza na eksirei. Kwenye akisi la 004 la GaAs (eksirei zinazorudishwa na safu za atomi zilizolala kwenye bapa), ambalo kwa eksirei za shaba liko karibu na nyuzi 33, kisima kilichobanwa huonekana upande wa pembe ndogo, kwa sababu hatua yake ya wima imerefuka. Mawimbi madogo pembeni mwa kilele yanakupa unene. Yakiwa makali na mengi, nyuso za matabaka ni safi. Yakififia, shuku kulegea. Ila akisi la 004 linaona wima peke yake. Kuhusu bapa unahitaji akisi la mshazari kama 224.

Kisha mwanga. Ipoze sampuli kwa naitrojeni oevu, imulike kwa leza, usome kile inachokitoa. Kumbuka kwamba kupoza kwenyewe kunapanua pengo, GaAs hutoka 1.42 katika joto la chumba hadi 1.52 karibu na sufuri kamili, usije ukalipachika badiliko hilo kwenye mkazo. Umbali kati ya kilele cha tundu zito na cha tundu jepesi ndio kipimo bora cha mkazo, kwa kuwa hautegemei sana makosa ya kemia. Tatizo ni kwamba tundu jepesi halionekani kirahisi kwenye utoaji wa mwanga, matundu yote yameshateremka. Litafute kwenye ufyonzaji, au kwa kubadilisha rangi ya leza inayomulika huku ukisoma kilele kimoja.

Niliwahi kupata kilele kilichosogea nanomita 15 kuelekea nyekundu nikashikilia kwamba indiamu ilizidi. Nilipoteza siku nzima nikirekebisha joto la tanuru ya indiamu. Eksirei ikaja kusema indiamu ilikuwa sawa, kisima ndicho kilichonenepa kwa nanomita moja na nusu. Tangu hapo situmii kilele kimoja kuhukumu vitu viwili.

Darubini nayo isidharauliwe. Uso uliolegea huwa na mistari inayokatana kwa pembe mraba, kama kitambaa cha drafti kilichofuliwa mara nyingi.

Sampuli ikishalegea inaweza kuokolewa?

Kama kisima, hapana. Kuipasha moto huongeza tu dislokesheni na kuichanganya indiamu na galiamu kwenye mipaka. Lakini wapo wanaoilegeza fuwele kwa hiari: huotesha tabaka nene ambalo indiamu inaongezwa kidogo kidogo, dislokesheni zote zinabaki humo chini, na juu yake wanapata uso wenye hatua mpya ambayo haipo kwenye fuwele yoyote ya kununuliwa. Visima vinavyooteshwa hapo vinaanza hesabu zake za mkazo kutoka hatua hiyo, si kutoka ile ya GaAs iliyo chini kabisa.